Mwacheni Bibi Ashuke Pwani

Maji ya bamvua yakitoka Msimbati, wanawake hushuka na ndoo kuokota chaza na kusaka pweza kwenye matundu ya miamba. Wengine wana wajukuu wanaosoma sekondari. Kwa saa mbili tatu huinama, huchuchumaa, huinuka, hutafuta pa kukanyaga kwenye jiwe lenye utelezi. Sisi tunaotibu viungo tukitakiwa kumpangia mzee mazoezi, hatutapata mazuri kuliko hayo.

Kisha mtoto anapata kazi Dar es Salaam, anapiga simu: "Mama, sasa pumzika, kila kitu nitatuma." Nia njema, lakini matokeo yake tunayaona kliniki. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamhesabu mtu kuwa mzee kuanzia miaka 60. Goti halijaisoma sera hiyo. Misuli ya mapaja hupungua jinsi umri unavyosogea, na ikikosa kazi hupungua upesi zaidi. Siku 10 tu za kulala kitandani zinatosha kumpunguzia mzee mwenye afya nguvu za miguu, na kuzirudisha huchukua muda mrefu kuliko kuzipoteza.

Mpime nyumbani. Egemeza kiti imara ukutani, mzee akunje mikono kifuani, asimame na kuketi mfululizo kwa sekunde 30, nawe ukiwa karibu. Mwanamke wa miaka 65 hadi 69 asiyefikisha mara 11, au mwanamume wa umri huo asiyefikisha 12, yumo hatarini kuanguka. Ukiona bibi hawezi tena kuinuka mkekani bila kuvutwa mkono, huna haja hata ya kuhesabu.

Shirika la Afya Duniani linashauri wenye miaka 65 na zaidi wapate angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo unaoongeza pumzi, na siku tatu za mazoezi ya nguvu na ya kukaa sawa bila kuyumba. Anayekwenda shambani kwa miguu na kushuka pwani ameshazipata. Anayebangua korosho kutwa hajazipata. Hapo ndipo tunapojidanganya: kuchoka si kufanya mazoezi. Vidole vinakwenda mbio huku miguu imekunjwa pale pale. Ainuke kila nusu saa, azunguke uani, ndipo aendelee.

Pwani nako kuna masharti yake. Mwenye kisukari asikanyage miamba peku, maana miguu yake yaweza kukatwa na makali ya chaza asisikie, kidonda kikaja kuonekana kimeshaoza. Ndoo mbili ndogo, moja kila mkono, ni bora kuliko moja kubwa kichwani. Maji ayanywe hata bila kiu, kwani kiu hufifia uzeeni. Mwenye shinikizo la damu apunguze ng'onda, au ailoweke kwanza na kumwaga maji ya chumvi.

Lakini linaloniudhi zaidi ni sahani. Pweza aliyemsaka bibi mwenyewe anakwenda kwa mnunuzi, vipande vya samaki wanapewa wajukuu, naye anabaki na ugali wa muhogo na mchuzi. Muhogo hauna protini ya kutosha kujenga paja. Apakuliwe samaki wake, au bakuli la mbaazi, kila siku, kabla watoto hawajaosha mikono.