Nyaya za Umeme Ndani ya Kompyuta: Tazama Kabla ya Kuchomeka



Vikundi vingi siku hizi vyataka kompyuta ya kuwekea hesabu za mchango na kuandikia barua. Mpya ni ghali. Kwa hiyo wengi hununua zilizotumika, zile zinazoteremshwa Kilindini kutoka ng'ambo, au hununua vipande hapa mjini wakaviunga wenyewe. Kuunga si kazi ngumu, bwana. Ila nyaya za umeme zaweza kula pesa za kikundi kwa dakika moja.

Mimi nilijifunza kwa hasara. Tulikuwa katika chumba kimoja Mji wa Kale, karibu na Ndia Kuu, tukachomeka kompyuta iliyotoka Marekani. Ikalia paa! Moshi, harufu ya kuungua, kisha kimya. Wenzangu wote wakanigeukia, maana mimi ndiye niliyejifanya fundi. Kosa lilikuwa kijiswichi chekundu nyuma ya kasha, kimewekwa 115. Umeme wa nyumbani Marekani ni volti 120 hivi, wetu Kenya ni 240. Kijiswichi hicho lazima kisome 230. Visanduku vingine vya umeme havina kijiswichi, vinajirekebisha vyenyewe. Soma karatasi iliyobandikwa ubavuni: ikiwa imeandikwa 100–240, hapo huna shida.

Kisanduku hicho, ambacho mafundi hukiita pawasaplai, hushusha umeme wa ukutani kuwa volti 12, 5 na 3.3, wa aina ya betri. Kwa kawaida waya wa njano ni volti 12, mwekundu 5, wa machungwa 3.3, na mweusi ni wa kurudishia. Siku hizi viko vyenye nyaya nyeusi tupu, basi hapo utaangalia umbo la plagi. Kisanduku chenyewe usikifungue kamwe! Hata ukishakichomoa ukutani, ndani hubaki umeme wa kukurusha.

Sasa tuunge. Plagi ya ukutani iwe imechomolewa. Plagi kubwa ya pini 24 huingia kwenye ubao mkuu, yaani madabodi. Ina kibanio upande mmoja. Kikilingana na jino la ubao, sukuma mpaka isikike ka! Ikigoma usitumie nguvu, igeuze utazame tena. Wazee wa kazi wanakumbuka kwamba kabla ya mtindo wa ATX kuja mwaka 1995 zilikuwa plagi mbili zenye kukaa bega kwa bega, na ukikosea kuweka nyeusi na nyeusi katikati, ubao umekwisha.

Plagi ya pili ndiyo wengi huisahau. Ni ya pini 4 au 8, na hukaa kando ya prosesa. Bila hiyo feni zitazunguka vizuri lakini kioo kitabaki cheusi, nanyi mtadhani mmeuziwa ubao mbovu. Basi kabla ya kugombana na muuzaji, tazama hapo.

Na hapa pana mtego. Kadi ya picha nayo yaweza kuwa na plagi ya pini 8 inayofanana na ya prosesa, lakini nafasi za njano na nyeusi zimepishana. Zitofautishe hivi: ya prosesa hugawanyika 4 na 4, ya kadi hugawanyika 6 na 2. Diski hupata plagi bapa yenye kona kama herufi L.

Visanduku vingine nyaya zake huchomoka pande zote mbili. Usichukue waya wa kisanduku kimoja ukautia kwa kingine, hata kama unaingia. Upande wa kisanduku kila kampuni hupanga pini kivyake, na diski yenye hesabu zenu yaweza kuungua.

Hapa kisiwani tuna jambo jingine, nalo ni hewa ya chumvi. Pini za shaba hushika kutu ya kijani. Zikague, uzisugue kwa spiriti safi, na ziache zikauke kabisa.

Mwisho ni plagi ya ukutani. Ile desturi ya kusukuma kalamu katika tundu la juu ili plagi ya Ulaya iingie, tuiache. Ukifanya hivyo waya wa ardhi haushiki, na kasha la chuma hutekenya mkono. Nunua waya wenye plagi yetu ya pini tatu, wenye fyuzi ndani. Soketi ya nyumba kuukuu nayo ipimwe na fundi wa umeme, kwani yaweza kuwa na tundu la tatu lisilounganishwa na kitu. Na stima ikipotea, chomoeni; ikirudi, ngojeni itulie kwanza ndipo muwashe.