Ligi ya mwanao ni ngumu kiasi gani? Mzazi, tazama haya kabla ya kumruhusu

Jumamosi jioni viwanja vya Ngara mjini, Rulenge, Kabanga na Biharamulo mjini hujaa vijana. Wapo wenye njumu, wapo wenye raba na wapo wanaocheza peku. Pembeni husimama wazazi, na wengi hurudi nyumbani na swali moja: mtoto aendelee kucheza hapa wilayani, au apelekwe Bukoba, Geita au Mwanza kwenye ushindani mkubwa zaidi?

Swali hilo si la mpira peke yake. Linagusa shule ya mtoto, fedha za familia na mifupa ambayo bado inakua.

Ngazi hazilingani

Kijana wa Ngara au Biharamulo hukutana na mpira wa aina kadhaa. Kuna ndondo za mtaani, ambako mshindi huondoka na mbuzi, jezi au fedha kidogo. Kuna mashindano ya shule: UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari, ambayo huanzia shuleni, yakapanda hadi wilaya, mkoa na hatimaye taifa. Kisha kuna timu za vijana za klabu, na shule au vituo vinavyofundisha soka.

Ndondo inaweza kuwa na kelele na nguvu nyingi, lakini mara nyingi ni mtoano. Timu ikifungwa mchezo wa kwanza, mtoto amemaliza mashindano. Mashindano ya shule yana ngazi zinazoeleweka, ila hubanwa katika siku chache, na mtoto anaweza kucheza mfululizo bila kupumzika vya kutosha. Ligi ya nyumbani na ugenini inayoendeshwa kwa miezi humpa mtoto mechi nyingi, na pia muda wa kupona kati ya mechi moja na nyingine.

Nje ya wilaya hizi mbili, milango mikubwa inajulikana. Bukoba kuna Uwanja wa Kaitaba, ambako Kagera Sugar ilicheza Ligi Kuu kwa miaka mingi kabla ya kushuka daraja mwishoni mwa msimu wa 2024/25. Biharamulo inapakana na Mkoa wa Geita, ambao timu yake ya Geita Gold ilipanda Ligi Kuu mwaka 2021 na kushuka mwaka 2024. Mwanza ipo Alliance, shule iliyojijengea jina kwa soka la vijana na ambayo timu yake ilicheza Ligi Kuu misimu ya 2018/19 na 2019/20.

Jina kubwa la timu ya wakubwa, hata hivyo, halimwambii mzazi kama watoto wanacheza katika ligi nzuri. Kipimo rahisi zaidi ni matokeo. Timu inayoshinda 9-0 kila wiki haijifunzi kitu, na inayofungwa 9-0 huvunjika moyo. Ligi yenye ushindani wa kweli ni ile ambayo mechi nyingi huamuliwa kwa bao moja au mawili, na timu ya mkiani inaweza kuifunga ya juu.

Vijeba na mamluki

Kinachoharibu kipimo hicho ni vijeba, yaani wachezaji waliozidi umri, na mamluki wanaoazimwa kwa mechi moja. Ligi ya "chini ya miaka 15" yenye vijana wa miaka 18 itaonekana ngumu sana, lakini ugumu huo unatokana na udanganyifu.

Tatizo hili halipo kwenye viwanja vya vumbi pekee. Mwaka 2017 Serengeti Boys ilipata nafasi ya kwenda Fainali za Afrika za vijana chini ya miaka 17 nchini Gabon baada ya Congo Brazzaville kuondolewa kwa suala la umri wa mchezaji. FIFA ilianza kutumia kipimo cha MRI cha kifundo cha mkono kwenye Kombe la Dunia la vijana wa umri huo nchini Nigeria mwaka 2009. Kipimo hicho huangalia kama mfupa umekwisha kuungana kabisa, na hutumika kwa wavulana wa kundi hilo, hivyo hakiwezi kutatua ubishi wa watoto wa miaka 12.

Wilayani, kinga iliyopo ni karatasi: cheti cha kuzaliwa, kumbukumbu za shule na kadi ya kliniki. Mzazi anayekubali kupunguza umri wa mwanawe ili apate namba anamweka mtoto wa jirani katika hatari ya kuumizwa.

Mwili una kalenda yake

Hata vyeti vikiwa sahihi, watoto wa mwaka mmoja hawalingani. Wavulana wengi hurefuka kwa kasi karibu na umri wa miaka 14, wasichana karibu na 12. Wapo wanaowahi na wapo wanaochelewa. Mfupi wa leo huenda akawaacha wenzake baada ya miaka miwili, iwapo hatakuwa ameachwa benchi hadi akakata tamaa.

Katika kipindi hicho ncha za mifupa bado ni laini. Mazoezi ya kupita kiasi huleta maumivu chini kidogo ya goti au kwenye kisigino. Mtoto mwenye maumivu hayo apumzishwe, na yakiendelea apelekwe kituo cha afya. Aliyegongwa kichwa na kuonyesha kizunguzungu, kutapika au kuchanganyikiwa atolewe uwanjani papo hapo na asirudi siku hiyo, hata kama ni fainali.

Kanuni nyepesi inayotumiwa na madaktari wa watoto ni hii: saa za mchezo uliopangwa kwa wiki zisizidi umri wa mtoto, na apate angalau siku moja ya mapumziko. Mtoto wa miaka 12 asizidi saa 12. Usingizi nao ni sehemu ya mazoezi, saa 8 hadi 10 kwa mwenye umri wa miaka 13 hadi 18. Safari ya Ngara hadi Bukoba ni ya saa kadhaa, na timu inayoamka usiku, kusafiri kwa chai tupu na kuingia uwanjani mchana inacheza ikiwa imechoka tayari.

Ahadi za ng'ambo ya mpaka

Ngara inapakana na Rwanda na Burundi, hivyo ahadi za timu za nje zinaweza kubisha hodi. Kanuni za FIFA zinazuia uhamisho wa kimataifa wa mchezaji chini ya miaka 18, isipokuwa kwa sababu chache. Mojawapo inahusu wanaoishi mpakani: nyumbani kwa mtoto na klabu viwe ndani ya kilomita 50 kutoka mpaka, mtoto aendelee kuishi nyumbani, na mashirikisho ya nchi zote mbili yakubali. Mtu anayetaka kuondoka na mtoto wa miaka 14 bila hayo, tena akidai fedha ya "kuandikisha", asipewe mtoto.

Maswali ya kuuliza

Kabla ya kusaini fomu, mzazi amuulize kocha: Kwa msimu mtoto atacheza mechi ngapi? Umri unahakikiwaje? Nani ana sanduku la huduma ya kwanza, na gari la kwenda hospitali likihitajika litatoka wapi? Wakati wa mitihani ratiba inakuwaje? Kwa anayehamia mjini, atalala wapi na nani anamsimamia usiku?

Kocha asiyekuwa na majibu ya maswali hayo hajawa tayari kulea mtoto, hata kama timu yake inaongoza ligi. Na pale ambapo ligi ya wilayani inayo majibu hayo, mtoto wa miaka 12 anaweza kubaki Rulenge au Biharamulo, akacheza kila wiki, akamaliza darasa la saba akiwa kwao, na suala la kuhama likasubiri mwili na akili vikomae.