Kuku naye ni mwanafunzi: namna ya kumzoeza ndoo ya pipeti

Hapa kwetu Kipushi maji ya kuku ni yaleyale tunayobeba kwa bido. Asubuhi mama anajaza sahani, na kabla ya saa nne kuku amepanda ndani, amechakura udongo, amenyea, na nusu imemwagika. Ndiyo sababu wengi mnauliza juu ya ndoo ya pipeti. Ndoo hiyo ni nzuri. Lakini kuku haijui siku ya kwanza. Anaweza kusimama chini ya lita 20 za maji na akafa kwa kiu.

Ndoo hii ni nini?

Ni ndoo ya plastiki yenye mfuniko, iliyotobolewa chini na kufungwa pipeti. Ndani ya kila pipeti kuna kipini kidogo cha chuma. Kipini kikitulia, maji hayatoki. Kuku akikidonoa, tone linamwingia mdomoni. Toboa tundu dogo la hewa kwenye mfuniko, maana bila hewa maji yanaacha kushuka.

Vumbi la kiangazi haliingii humo, wala kinyesi. Kinyesi ndani ya maji kinapitisha magonjwa mengi, kama kuhara damu kwa vifaranga. Hata hivyo, ndoo haichukui nafasi ya chanjo ya Newcastle.

Kwa nini kiu ni hatari?

Kuku mkubwa anakunywa karibu robo lita kwa siku, na zaidi katika joto la Septemba na Oktoba. Yai lenyewe, karibu robo tatu yake ni maji. Kuku akikosa maji siku nzima, mayai yanapungua, na yanaweza kuchukua siku nyingi kurudi. Kwa mama anayenunua daftari na sabuni kwa pesa ya mayai, hiyo si hasara ndogo.

Masomo yenyewe

Kwanza, urefu. Kuku hawezi kunyonya maji kama mbuzi. Anainua kichwa ili maji yashuke kooni. Basi tundika ndoo ili kipini kiwe juu kidogo ya kichwa chake, anyooshe shingo bila kuruka. Kwa vifaranga wa siku za kwanza, kipini kiwe sawa na macho yao, nawe unapandisha ndoo kadiri wanavyokua. Pipeti moja kwa kuku watano inatosha vizuri.

Siku tatu za kwanza, tundika ndoo na uache sahani palepale. Gonga vipini kwa kidole mara kadhaa kwa siku, mpaka tone ling'ae. Kuku anapenda kudonoa kitu kinachong'aa.

Siku ya nne, ondoa sahani asubuhi, wakati kuku wanatoka kibandani na kiu, lakini kwa saa moja au mbili tu, nawe ukiwa karibu. Mshike kuku kwa upole, mlete chini ya pipeti, gonga tone mbele ya mdomo wake. Halafu rudisha sahani. Kila siku ongeza muda kidogo. Siku ya joto kali, usijaribu.

Anza na nani? Anza na yule tembe anayewatawala wengine, anayekula wa kwanza. Katika miaka ya 1990, mtafiti Christine Nicol wa Chuo Kikuu cha Bristol, Uingereza, na mwenzake Stuart Pope, walichunguza namna kuku wanavyojifunza kwa kutazamana. Waliona kwamba kuku wanajifunza vizuri zaidi kutoka kwa tembe mwenye cheo kati yao. Mkubwa akijua, wengine wataiga.

Mwanafunzi wa nyuma

Sisi walimu tunajua kwamba darasa likijibu kwa sauti moja, mtoto wa nyuma anaweza kuwa hakuelewa kitu. Kwa kuku ni vilevile. Ukiona kumi wanakunywa, usiseme wote wamejua. Mnyonge anayefukuzwa na wenzake ndiye atakayebaki na kiu. Kila kuku uliyemwona kwa macho yako akinywa, mfungie uzi mguuni, usibane. Sahani haiondoki kabisa mpaka kila mguu una uzi. Kisha fungua nyuzi zote.

Ukiona kuku anaacha kula, anajikunyata, upanga wake wa kichwani unanyauka au mayai yanapungua ghafula, rudisha sahani saa ileile. Kuanza somo upya si aibu, na kuku hatapoteza alichokwisha kujua.

Vifaranga ndio wepesi zaidi: ukiwaonyesha pipeti tangu siku ya kwanza, wanaijua upesi.

Kazi ya kila siku

Ndoo iliyojaa inaweza kudanganya, kwa sababu pipeti ikizibwa na uchafu, kwa macho hutajua. Kila asubuhi gonga kila kipini, uone tone. Tundika ndoo kivulini, na kila wiki ioshe kwa brashi. Kazi ya kugonga vipini, mpe mtoto mmoja wa nyumba. Lakini kuhesabu nyuzi, mama, fanya mwenyewe.