Trekta Iliyotoka Katika Motakaa Kuukuu

Mtu akisikia neno trekta, mara nyingi fikira zake huenda kwenye mashini mpya ing'aayo rangi, iliyoshushwa melini na kuuzwa kwa bei ambayo mkulima wa ekari tano hathubutu hata kuiuliza. Lakini trekta ya kwanza ya Henry Ford, yule tajiri wa motakaa wa Marekani, haikuwa ya namna hiyo. Mwaka wa 1907 mafundi wake walikusanya vipande vya magari waliyokuwa nayo: injini waliitoa katika Ford Model B, usukani na magurudumu ya mbele katika Model K, na magurudumu makubwa ya nyuma wakayachukua katika mashini ya kukata na kufunga miganda ya ngano. Mashini hiyo imehifadhiwa hata leo katika jumba la makumbusho la Dearborn, na mtu aitazamaye huona waziwazi kwamba ni kitu kilichounganishwa na mikono ya watu.

Mwaka uliofuata Ford alianza kuuza Model T, na kufikia 1927, alipoacha kuitengeneza, motakaa zaidi ya milioni 15 za aina hiyo zilikuwa zimetoka kiwandani. Injini yake ilikuwa na nguvu za farasi 20. Wakulima hawakukawia kuona kwamba nguvu hizo zilikuwa zikilala bure chini ya mti siku zote za juma ila Jumapili na siku ya soko. Mwaka wa 1917 kampuni moja ya mji wa Quincy, katika jimbo la Illinois, ilikuwa ikiuza vyombo viitwavyo Pullford kwa dola 135: mkulima aliondoa magurudumu ya nyuma ya motakaa yake, akafunga magurudumu makubwa ya chuma yaliyozungushwa na gia ndogo, akalima, kisha jioni akarudisha yale ya zamani na kwenda mjini.

Lakini jambo lenyewe lilishika kasi baada ya mwaka wa 1929, biashara ilipoanguka katika Marekani na bei za mazao zikaanguka pamoja nayo. Trekta mpya haikununulika. Motakaa kuukuu, kwa upande mwingine, zilijaa nyuma ya maghala, na nyingine ziliuzwa kama chuma chakavu tu. Ndipo wakulima, kila mmoja kwa akili yake, walipoanza kukata chesisi, kuondoa bodi na viti, na kujifanyia trekta ndogo za kulimia bustani na mashamba ya mahindi. Watu walizipa jina la mzaha, doodlebug, yaani yule mdudu mdogo achimbaye vishimo katika mchanga mkavu. Baadaye, vita vilipokuja na viwanda vikageuzwa kutengeneza silaha, doodlebug zilizidi.

Sasa msomaji atauliza: kuna shida gani? Motakaa ina injini, ina magurudumu, ina usukani. Kwa nini isifungwe plau nyuma yake ikalima hivi hivi? Jibu liko katika mwendo, nami nitalieleza kwa hesabu, kwa kuwa asiyeifahamu hesabu hii atapoteza fedha zake na jasho lake pia.

Tuchukue Ford Model A, iliyofuata Model T na kutengenezwa hadi 1931, yenye nguvu za farasi 40. Katika gia ya kwanza, injini huzunguka mara 3.12 ili propela ya kwenda nyuma izunguke mara moja. Kisha katika difu, propela huzunguka mara 3.78 ili gurudumu lizunguke mara moja. Zidisha 3.12 kwa 3.78, utapata karibu 11.8. Basi injini ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, gurudumu litazunguka kama mara 170. Gurudumu lenye mzingo wa mita 2.2 litakwenda mita 373 kwa dakika hiyo, ambazo ni zaidi ya kilomita 22 kwa saa. Ng'ombe wa kulima hutembea kama kilomita 3 kwa saa, na plau ya trekta ndogo hufanya kazi nzuri kwa mwendo wa kilomita 4 hadi 6. Kwa kilomita 22 plau huruka juu ya udongo kama jiwe lililotupwa juu ya maji, na dereva akipunguza moto ili aende polepole, injini haina nguvu tena na huzimika.

Dawa waliyoigundua ilikuwa rahisi, nami huiona kuwa jambo la akili kupita yote katika habari hii. Walitafuta motakaa ya pili iliyokufa, wakatoa gia boksi yake, wakaifunga nyuma ya gia boksi ya kwanza. Sasa 3.12 inazidishwa kwa 3.12 nyingine, halafu kwa 3.78 ya difu: jumla yake ni karibu 36.8, na mwendo hushuka hadi kilomita 7 kwa saa. Waliobahatika kupata ekseli ya nyuma ya lori la Model AA, ambalo difu yake huweza kuwa ya 6.6 badala ya 3.78, walifika 64. Kwa magurudumu yale yale, mwendo wao ulikuwa kama kilomita 4 kwa saa huku injini ikinguruma kwa nguvu zake zote. Huo ndio mwendo wa trekta ya kweli.

Gia boksi mbili zina maajabu yake. Ukitia gia ya kurudi nyuma katika zote mbili, trekta huenda mbele, tena polepole kuliko gia ya kwanza mara mbili, kwa kuwa gia ya nyuma ya Model A ni 3.75. Wageni waliokaribishwa kuendesha walishangaa sana.

Hata hivyo mwendo haupunguzwi bure. Kila mara mzunguko unapopunguzwa, nguvu ya kusokota huongezeka kwa kiasi kile kile. Propela ambayo katika motakaa ilipokea nguvu ya injini mara tatu hivi, sasa hupokea karibu mara kumi. Kwa hiyo vitu vilivyokuwa imara vya kutosha barabarani huanza kukatika shambani, na hasa shafti mbili za nyuma zinazozungusha magurudumu. Ndiyo sababu wenye busara walitafuta ekseli ya lori hata kama injini yao ilikuwa ya gari dogo. Tena, gia boksi ya pili haikuundwa ishikiliwe hewani. Yahitaji kufungwa katika fremu kwa vyuma vinene, na shafti fupi kati ya gia boksi hizo mbili sharti inyoke sawasawa, la sivyo beringi zitaliwa katika muda mfupi.

Joto nalo lisisahauliwe. Motakaa hupozwa na upepo wa mwendo wake. Trekta haina upepo. Wakulima wengi wa Model T walichemsha maji katika rejeta kabla ya kumaliza tuta la tatu, ikawabidi watafute rejeta kubwa ya lori. Springi za nyuma ziliondolewa kabisa, kwa kuwa plau ikivutwa juu ya springi hupanda na kushuka. Magurudumu ya nyuma yalitiwa uzito, wengine kwa saruji na wengine kwa vyuma vikuukuu vilivyofungwa kwa bolti.

Marekani haikuwa peke yake. Katika nchi ya Uswidi, wakati wa vita vilivyoanza 1939, wakulima walifanya vivyo hivyo kwa gia boksi mbili, na serikali ikakubali magari hayo yaandikishwe kama trekta mradi yasizidi kilomita 30 kwa saa. Yaliitwa EPA, jina la duka moja la bidhaa rahisi. Vita vilipokwisha na trekta za viwandani zikapatikana, wakulima waliyaacha, nao vijana wa vijijini wakayachukua kwa sababu sheria iliwaruhusu kuyaendesha kabla ya umri wa leseni ya motakaa. Hadi leo vijana wa miaka 15 huendesha warithi wake, huku wazee wao wakilalamika juu ya kelele.

Katika Kenya vipande vya kazi hii havina shida. Barabara ya Kirinyaga mjini Nairobi, ambayo wazee waliijua kwa jina la Grogan, huuza karibu kila kiungo cha gari, na mafundi wa jua kali wa Kamukunji hufua vyombo vya shamba kutoka katika chuma chakavu kila siku. Lakini yafaa mtu achague vizuri. Motakaa nyingi ndogo za siku hizi huvuta kwa magurudumu ya mbele. Injini imelala kwa upana, wala hakuna propela ya kwenda nyuma, hivyo hazifai. Tafuta pikapu kuukuu, na ikiwa ya dizeli, bora zaidi. Land Rover ya zamani, ambayo ilianza kuuzwa 1948 na kufikiriwa tangu mwanzo kwa kazi za shamba, tayari ina gia ndogo ya ziada, nayo humwondolea fundi nusu ya taabu.

Sasa nitasema juu ya hatari, maana hapa si fedha tu zinazoweza kupotea. Motakaa ya kawaida ikikwama, injini huzimika. Trekta iliyopunguzwa mara 60 haizimiki kwa urahisi. Plau ikinasa katika kisiki, injini huendelea kusokota, na lazima kitu kimoja kikubali: ama magurudumu yateleze, ama shafti ikatike, ama sehemu ya mbele ya trekta iinuke na kumwangukia dereva kwa nyuma. Jambo hilo la mwisho hutokea katika muda usiofika sekunde mbili, na dereva hana nafasi ya kuruka. Hata Fordson, trekta ya kiwandani ya Ford, ilisifika vibaya kwa kupinduka hivyo na kuua watu, hata ikatiwa madigadi marefu ya nyuma ili yaizuie.

Mtu aliyeifikiri sana shida hii ni Harry Ferguson, mtoto wa mkulima wa Ireland ya Kaskazini, ambaye trekta zake ndogo za rangi ya kijivu wazee wengi wa Kenya wanazikumbuka. Naye alianza na motakaa iliyogeuzwa: mwaka wa 1917 alionyesha plau aliyoitengenezea Eros, ambayo ilikuwa Ford Model T iliyofanywa trekta. Plau hiyo hakuifunga juu wala nyuma kabisa, bali chini ya trekta, mbele ya ekseli ya nyuma, ili mvuto wa udongo uikandamize trekta yote chini badala ya kuinua mbele yake.

Basi ajengaye trekta kwa mikono yake na aanze na mahali pa kufungia plau, kabla hata ya kununua gia boksi ya pili. Ndoano isiwe juu ya ekseli ya nyuma kwa hali yoyote. Iwe chini yake. Uzito utiwe mbele kabla ya kutiwa nyuma. Klachi iwe nyepesi kukanyagwa, na breki zishike magurudumu yote mawili sawasawa. Mikanda na shafti zote zizungukazo karibu na miguu zifunikwe kwa bati, kwa kuwa nguo ikinaswa mtu havutiki tena. Fundi asichomelee tangi lililowahi kutiwa petroli, hata likionekana kavu. Nyuma ya kiti pasimamishwe tao la bomba nene la chuma lililofungwa katika fremu yenyewe, lenye kimo cha kupita kichwa cha dereva aliyeketi, na mkanda wa kumshikilia kitini, ili trekta ikipinduka tao lipokee uzito wake.

Siku ya kwanza ya kuijaribu iwe mahali tambarare, bila plau, watoto wakiwa mbali. Siku ya pili ivute gogo jepesi lililofungwa chini. Ikiwa magurudumu ya mbele yanagusa ardhi kwa uzito wake yanapoanza kuvuta, na maji ya rejeta hayachemki baada ya nusu saa, hapo plau moja ya inchi kumi yaweza kufungwa, na ilime kwanza udongo uliokwisha kulimwa mwaka uliopita.