Kujaa kwa Tumbo Wakati wa Hedhi: Si Uvimbe, Wala Si Kuvimbiwa

Wafasiri wa vijitabu vya afya hukutana mara kwa mara na hali ambayo wanawake wengi huijua vyema, lakini ambayo haina jina moja katika maandishi yetu: tumbo kutuna na kuwa zito siku chache kabla ya hedhi na katika siku zake za mwanzo. Wapo waiitao "uvimbe wa tumbo". Jina hilo halifai. Uvimbe, kwa wauguzi na kwa wagonjwa pia, ni kitu kilichoota au kilichofura mahali fulani mwilini, mathalani uvimbe wa mfuko wa uzazi. Msichana wa shule akisoma kwamba hedhi huleta uvimbe atahofu bure. Na mwenye uvimbe wa kweli atadhani ni mambo ya kila mwezi, akae nyumbani.

"Kuvimbiwa" nako ni kwingine. Hiyo ni taabu ya aliyekula kupita kiasi au asiyepata choo.

Hali tunayoizungumzia asili yake ni homoni. Kabla ya damu kutoka, viwango vya estrojeni na projesteroni hupanda kisha hushuka. Mabadiliko hayo huufanya mwili uzuie maji na chumvi. Tena projesteroni hulegeza misuli ya matumbo, hata chakula kikapita polepole na gesi ikakusanyika. Yamo basi mambo mawili, maji na gesi, na usemi wa "kujaa gesi", ingawa umezoeleka, hutaja nusu tu. Twaona "kujaa kwa tumbo" kunafaa zaidi: hakudai sababu, wala hakutishi. ("Ujaaji" tuwaachie wenye matangi ya maji.)

Maelezo ya nafuu nayo yaandikwe kwa maneno ya jikoni. "Punguza matumizi ya sodiamu" hakumsaidii msomaji; "punguza chumvi" kwatosha. Vivyo hivyo kula kidogo kidogo, kupunguza soda, na maharage kwa anayesumbuliwa nayo, kunywa maji ya kutosha, na kutembea, kwani mwendo husaidia gesi kutoka. Kitenzi "kutibu" kiepukwe, maana huu si ugonjwa. "Kutuliza" ndicho kitenzi chake.

Sentensi moja isilainishwe hata kidogo: tumbo likibaki limejaa baada ya hedhi kwisha, au likizidi kukua, mwanamke aende hospitali. Hapo ndipo neno "uvimbe" lina mahali pake, kwa kuwa ni miongoni mwa mambo ambayo daktari atayachunguza.