Maji Katika Mafuta ya Injini za Meli

Dereva wa lori apitaye Ipole, katika njia itokayo Tabora kwenda Mpanda, huyaogopa maji katika dizeli kama ayaogopavyo matope ya masika. Hofu yake ni ya haki. Maji yakifika kwenye pampu na nozeli huleta kutu, hukwaruza vyuma, na gari huzimika porini. Basi huenda akastaajabu akiambiwa kwamba katika baadhi ya meli mainjinia huyatia maji ndani ya mafuta kwa makusudi, ili kupunguza uchafu wa moshi.

Yafaa tujue kwanza uchafu huo hutoka wapi. Karibu asilimia 78 ya hewa ni naitrojeni, gesi tulivu isiyoungana upesi na nyingine. Lakini ndani ya silinda ya dizeli, ambamo hewa hushindiliwa mpaka ikawasha mafuta bila cheche, joto la ndimi za moto hupita nyuzi 1,500 za sentigredi. Hapo naitrojeni huungana na oksijeni, zikafanya oksidi za naitrojeni. Gesi hizi hudhuru mapafu, huchangia mvua yenye asidi, na zikianguka majini hurutubisha mwani usiotakiwa.

Joto hilo laweza kupunguzwa kwa kuchelewesha mnyunyizo wa mafuta, lakini hapo mafuta hayaungui vema, masizi huzidi na gharama hupanda. Maji hufanya kazi kwa njia mbili. Kwanza, hunyonya joto: kuyageuza maji yachemkayo kuwa mvuke kwahitaji joto zaidi ya mara tano ya lile la kuyapasha kutoka nyuzi 0 hadi 100. Pili, huyapasua mafuta. Kila mpishi amepata kuona tone la maji likiangukia mafuta ya moto kikaangoni: huruka na kurusha mafuta kila upande. Silindani nako, kila tone dogo la mafuta hubeba chembe za maji ndani yake. Zikigeuka mvuke hulipasua tone likawa kama vumbi laini, likachanganyika na hewa na kuungua vizuri. Kwa hiyo oksidi hupungua, na masizi pia.

Siri iko katika kuchanganya. Maji yaliyo huru huzama chini ya tangi, nayo ndiyo yamsumbuayo dereva wetu. Mchanganyiko wa melini, uitwao emulsheni, wafanana na siagi, ambayo ni chembe za maji zilizotawanyika katika mafuta. Mtambo maalumu huyapiga yote mawili kwa nguvu. Dizeli nyepesi huhitaji pia kemikali izuiayo chembe zisikutane tena. Maji yenyewe yapasa kuwa safi, yasiyo na chumvi, na kabla ya kuizima injini hutumiwa mafuta matupu, ili maji yasibaki nozelini.

Kwa makisio, kila asilimia moja ya maji hupunguza oksidi hizo kwa asilimia moja hivi. Kanuni za kimataifa za MARPOL kuhusu hewa, zilizoanza kutumika mwaka 2005, ziliziruhusu injini kubwa za mwendo wa polepole kutoa gramu 17.0 kwa kila kilowati-saa. Kwa meli zilizojengwa tangu 2011 kiwango ni 14.4, na kwa zile za tangu 2016, katika maeneo maalumu ya bahari, ni 3.4. Maji yaweza kutufikisha hatua ya pili. Ya tatu, ambayo ni punguzo la asilimia 80, hayaiwezi peke yake. Wala hayaondoi salfa iliyomo katika mafuta.

Jambo hili si la baharini tu. Njia ya kale ya misafara kutoka Tabora iliishia Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika. Huko meli ya Liemba, iliyoshushwa majini mwaka 1915, iliendeshwa kwa mvuke hadi ilipotiwa injini za dizeli katika miaka ya 1970. Ziwa hilo lina kina cha karibu mita 1,470, na maji yake huchukua karne nyingi kubadilika. Kiingiacho humo hakitoki upesi. Kadiri injini zinavyoongezeka juu yake, ndivyo ipasavyo kupima gharama ya mtambo wa kuchanganya dhidi ya madhara ya moshi. Lakini asiye na mtambo huo asimimine maji tangini: atakuwa amejiletea kutu, na hewa haitasafika.