Samaki Mkunje Angali Mbichi: Namna Seli ya Bakteria Inavyozifikisha Protini Zake Kwenye Utando

Utangulizi

Wahenga waliposema kuwa samaki hukunjwa angali mbichi, walikuwa na malezi ya mtoto akilini. Hata hivyo, kanuni hiyo hiyo inatawala mojawapo ya kazi ngumu zinazotendeka ndani ya seli ya bakteria, nayo ni kuzifikisha protini mpya kwenye utando unaoizingira seli. Zipo protini ambazo, zikisubiri hadi zikamilike ndipo zisafirishwe, huwa zimekwisha kuharibika. Makala haya yanadhamiria kueleza jinsi seli inavyozitambua protini hizo zingali zinatengenezwa, jinsi inavyozipeleka mahali pake, na kwa nini jambo hili linamhusu hata msomaji ambaye hajawahi kuingia katika maabara. Mfano utakaotumika ni wa Escherichia coli, bakteria aishiye katika utumbo wa binadamu na ambaye amechunguzwa na wanasayansi kwa kina kuliko wengi wa jamii yake.

Tatizo lenyewe

Bakteria huyu ana urefu wa takribani sehemu mbili za elfu moja za milimita. Pamoja na udogo huo, ana jeni zipatazo 4,300 zenye maagizo ya kutengeneza protini. Kazi ya kuzitengeneza hufanywa na ribosomu, ambazo ni mitambo midogo mno iliyotapakaa kwa maelfu katika majimaji ya ndani ya seli. Ribosomu huyasoma maagizo na kuziunganisha asidi za amino moja baada ya nyingine, mithili ya mtu atungaye shanga katika uzi. Katika joto la mwili wa binadamu, ribosomu moja huweza kuunganisha asidi za amino 10 hadi 20 kwa sekunde.

Takribani theluthi moja ya aina za protini hizo hazifanyi kazi pale zilipozaliwa. E. coli ana tando mbili, wa ndani na wa nje, na baina yake pana nafasi nyembamba. Baadhi ya protini hukaa ndani ya utando wenyewe, zikiwa milango ya chakula na pampu za taka. Nyingine huvuka utando wa ndani zikafanye kazi katika nafasi ile ya kati au mbele zaidi.

Utando umeumbwa kwa tabaka mbili za mafuta. Kwa hivyo, protini ikaayo ndani yake sharti iwe na vipande vinavyopatana na mafuta, yaani vinavyochukia maji. Hapa ndipo penye utata. Chukua mfano wa LacY, protini iingizayo sukari ya maziwa ndani ya seli. Ina asidi za amino 417 na hupenya utando mara 12. Lau ingeachwa imalizike ndani ya majimaji ya seli, vipande vyake 12 vingeyakimbia maji kwa kung'ang'aniana vyenyewe kwa vyenyewe, kama matone ya mafuta yanavyokusanyika juu ya mchuzi. Matokeo yake yangekuwa donge lisilofaa kitu, na seli ingelazimika kulivunjavunja. Kwa kasi iliyotajwa hapo juu, LacY huchukua chini ya dakika moja kutengenezwa. Uamuzi kuhusu safari yake basi hauna budi kufanywa katika sekunde za mwanzo.

Ishara iliyo mwanzoni

Mnamo 1971, Günter Blobel na David Sabatini, wa Chuo Kikuu cha Rockefeller jijini New York, walipendekeza kuwa protini inayosafirishwa hubeba ishara mwanzoni mwa mnyororo wake. Mwaka uliofuata, César Milstein na wenzake huko Cambridge walionyesha kuwa sehemu fulani ya kingamwili hutengenezwa ikiwa ndefu kidogo kuliko inavyoonekana baadaye, kana kwamba kuna kipande kinachokatwa njiani. Katika mwaka wa 1975, Blobel na Bernhard Dobberstein walitoa ushahidi wa majaribio uliolipa pendekezo lile msingi imara. Blobel alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya mwaka wa 1999. Majaribio hayo yalihusu seli za wanyama, lakini ilibainika kuwa bakteria nao hutumia kanuni iyo hiyo.

Wanabiolojia waliazima msamiati mwingi kutoka taaluma ya lugha. Wao hunena habari za kunakili, kusoma na kutafsiri. Mwanafunzi wa Kiswahili anaweza kuwadai fadhila hiyo kwa kuitazama ishara hii kama kiambishi awali. Ni kipande kifupi, kwa kawaida cha asidi za amino 15 hadi 30, kinachotangulia mwili wa protini na kueleza kuwa kinachofuata kinapelekwa kwenye utando. Kina sehemu tatu. Ya kwanza ina chaji chanya ya umeme. Ya pili, ambayo ndiyo moyo wake, huchukia maji. Ya tatu ni mahali ambapo kiambishi kitakatwa protini ikishavuka.

Jambo la ajabu ni kwamba ishara hizi hazina tahajia moja. Ukiziandika ishara za protini mbili tofauti, huenda usione herufi zinazolingana. Kinachozifanya kuwa ishara ni tabia yake, hasa kule kuchukia maji. Kwa kiasi fulani zinafanana na alomofu: mu-, mw- na m- ni maumbo tofauti ya mofimu moja ya ngeli ya kwanza. Ila tofauti ipo. Alomofu za mofimu moja huhesabika, na umbo la kila moja aghalabu huamuliwa na sauti jirani. Maumbo ya ishara za protini ni mengi mno, nayo seli huyatambua yote.

Chembe tambuzi na mlango

Mtambuzi mkuu ni chembe ndogo ambayo makala haya yataiita chembe tambuzi. Katika E. coli imeundwa kwa protini moja iitwayo Ffh pamoja na molekuli fupi ya RNA yenye nyukleotidi 114. Ffh ina bonde lililopambwa kwa asidi za amino zinazochukia maji na zinazonyumbuka kwa urahisi. Kwa sababu ya kunyumbuka huko, bonde hilo huweza kupokea ishara za maumbo mbalimbali, mradi zote zichukie maji vya kutosha.

Chembe tambuzi ni chache sana zikilinganishwa na ribosomu, hivyo haziwezi kukaa na kungoja. Kila moja huzuru ribosomu baada ya ribosomu, ikitua karibu na tundu ambamo mnyororo mpya hutokea. Ikikuta mnyororo usio na ishara, huondoka upesi. Ikikuta kipande kinachochukia maji kikichomoza, kama kile cha mwanzo cha LacY, hukikumbatia. Kwa njia hii kipande hicho hakipati nafasi ya kugusana na maji wala na kipande kingine.

Hatua ya pili hufanyika kwenye utando. Huko imo protini nyingine, FtsY, ambayo ni mwenyeji wa chembe tambuzi. Ffh na FtsY kila moja hushika molekuli ya GTP, mojawapo ya molekuli zinazobeba nishati katika seli. Zikiwa hivyo hushikamana, na ribosomu pamoja na mnyororo wake huletwa mlangoni. Makabidhiano yakikamilika, GTP zote mbili huvunjwa, Ffh na FtsY huachana, na chembe tambuzi hurudi kazini. Kuvunjwa kwa GTP ndiko kunakoifanya safari iwe ya upande mmoja.

Mlango wenyewe umejengwa kwa protini tatu, SecY, SecE na SecG. Mnamo 2004, kundi la watafiti la Tom Rapoport lilichapisha umbo la mlango wa aina hii uliotolewa katika kiumbe kidogo kiitwacho Methanococcus jannaschii. Ilionekana kuwa una kiuno chembamba katikati na kizibo kidogo kinachozuia vitu kuvuja. Zaidi ya hayo, mlango huu huweza kufunguka kwa ubavuni. Kipande kinachochukia maji hupitia ubavuni humo na kuingia katika mafuta ya utando, wakati ribosomu ingali inaendelea kuusukuma mnyororo.

Njia nyingine

Si protini zote zilizo na haraka hiyo. Protini inayobeba sukari ya moltosi katika nafasi ya kati haikai ndani ya mafuta, na ishara yake, yenye asidi za amino 26, haichukii maji kwa ukali kama vipande vya LacY. Chembe tambuzi huipita. Protini hii hutengenezwa kwanza, kisha msindikizaji aitwaye SecB huishika ili isijikunje kabla ya wakati. SecB huikabidhi kwa SecA, injini inayotumia ATP kuipenyeza katika mlango ule ule. Upande wa pili, kimeng'enya hukata kiambishi, na protini hujikunja ikawa tayari kwa kazi. Hata hapa methali yetu ingali na nguvu, maana iliyokwisha kukunjika haipiti.

Zipo chache zilizo kinyume cha hayo. Hizi sharti zikunjike ndani ya seli kwanza, mara nyingi kwa kuwa zinabeba madini. Ishara yake huwa na asidi mbili za ajinini zilizofuatana, nazo hupewa njia ya pekee inayoitwa Tat.

Umuhimu wa jambo hili

Bakteria wengi wasiosikia dawa ya penisilini hujikinga kwa kimeng'enya kinachoivunja dawa hiyo. Katika E. coli, kimeng'enya hicho hufanya kazi katika nafasi iliyo baina ya tando mbili, pale penisilini inapopita ikielekea kushambulia ujenzi wa ukuta wa seli. Kisingefikishwa pale, kisingeulinda ukuta. Hali kadhalika, vipande vya sumu ya bakteria wa kipindupindu huvuka utando wa ndani kwa ishara na mlango wa aina hiyo, vikaunganishwa katika nafasi ya kati, kisha sumu ikatolewa nje kumdhuru mgonjwa.

Maarifa haya yana manufaa pia. Mnamo 1978, watafiti wa maabara ya Walter Gilbert, Chuo Kikuu cha Harvard, waliiunganisha jeni ya insulini ya panya na sehemu ya mwanzo ya kimeng'enya kinachovunja penisilini, pamoja na ishara yake. Bakteria waliitengeneza protini hiyo na kuivusha utando wa ndani, wakifuata agizo la kiambishi cha kuazima.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kuwa kwa seli ya bakteria, kutengeneza protini ni nusu tu ya kazi. Nusu ya pili ni kuifikisha inakotakiwa ingali inaweza kufika. Mnamo 1989 ilidhihirika kuwa protini ya Ffh inafanana sana na sehemu ya chembe tambuzi ya seli za wanyama, sisi wanadamu tukiwemo. Kufanana huko kunaashiria kuwa mpango huu ni wa kale mno, tangu kabla nasaba ya bakteria na yetu hazijaachana. Utaratibu uliodumu muda mrefu kiasi hicho hauna budi kuwa unajibu haja isiyoepukika: mnyororo unaochukia maji hauwezi kungojeshwa majini.